Mpaka Unafuata Korongo

Katika gazeti la serikali wadi yetu ni aya moja:
kuanzia reli, kufuata korongo hadi machimboni,
kisha kaskazini mpaka kwenye mti uliotiwa alama.
Mti uliliwa na meko mwaka wa njaa.
Machimbo yamefukiwa kwa taka za mji.
Korongo lipo. Ila korongo hutembea.

Mgeni wa Nakuru haujui udongo huu.
Ni majivu ya mlima uliokwisha hasira,
mwepesi kama unga wa wimbi;
masika ikinyesha unajimeza wenyewe,
na asubuhi unakuta ufa pale ulipoanika shuka.

Sitini na tatu hapakuwa na wadi,
palikuwa na banda la kukaushia pareto.
Baba alipigia kura humo, vumbi la maua kwenye nyusi,
akipiga chafya kila alipotaja jina lake.
Karani akaandika Gichohi, Gichohi, Gichohi.
Tangu siku hiyo, nasema mimi, tuna wapigakura
kuliko watu.

Baadaye akaja mpimaji, na Arap Birgen akimshikia mnyororo.
Mji unaishia wapi? aliuliza mpimaji.
Birgen akanyosha kidole korongoni,
maana mbwa wa mjini walikuwa wamewafuata hadi hapo
wakageuka.
Ndivyo tulivyozaliwa: tuko pale mbwa walipochoka.

Themanini na nane tulijipanga nyuma ya picha.
Nilikuwa karani, kalamu mbili mfukoni.
Mstari mrefu ulipita daraja, ukapinda, ukapotea kichakani.
Mfupi ulienea kwenye kivuli cha banda.
Mkuu wa kituo akaitazama yote miwili,
akafuta miwani,
akatangaza mfupi.
Nami nikatia sahihi.
Liwekwe hilo katika historia ya wadi:
nilitia sahihi, nikapewa soda, nikainywa yote.

Kuna miaka ambayo daftari limeacha kurasa nyeupe.
Truphena Khakasa alivuka korongo usiku, cherehani kichwani,
na nyuma yake mbingu ilikuwa nyekundu upande usio wa jua.
Alirudi baada ya masika matatu.
Cherehani ilikuwa ile ile. Mume hakuwepo.
Nikalitafuta jina la mume nilifute;
nikakuta mtu ameshampigia kura.

Kisha ikaja katiba mpya, na tume, na ramani ya kompyuta,
na neno lile lile: korongo.
Masika ya mwaka uliofuata likasogea hatua arubaini,
likapita kati ya jiko la Khakasa na chumba chake.
Sasa anapika katika wadi moja
na kulala katika nyingine.
Wagombea wa pande zote mbili humjia.
Wa huko humketisha jikoni, karibu na moshi,
wa huku humpa kigoda ukumbini.
Wote wamemwahidi lami.
Yeye ameweka ubao juu ya ufa, anavuka na sufuria ya maharagwe,
anasema: nikimwaga, nimwage wapi?
Nani atakuja kufagia?

Mimi nimestaafu. Banda bado ni kituo,
ingawa ufa umeingia ndani kama mpigakura aliyechelewa,
ukalala kati ya meza ya daftari na sanduku.
Mara ya mwisho watu walitambuliwa ng'ambo hii,
wakaruka, wakatumbukiza kura ng'ambo ile.
Vikongwe tuliwashika mikono.
Mmoja aliuliza kama kura yake imebadilika njiani.

Juzi kijana wa tume alikuja na kifaa mkononi,
kinalia kama kifaranga.
Mzee, mpaka uko wapi hasa?
Nikamwambia asubiri Aprili.
Hakucheka. Alikuwa amesimama mguu huku, mguu kule,
akiandika,
na nafasi iliyo kati ya viatu vyake
niliiona, au nilidhani naiona,
ikiongezeka.